Mjadala wa Watelezi juu ya Bonde la Chamonix

Yako maswali ambayo watu huyauliza kwa wepesi na kuyajibu kwa wepesi, na wepesi huo ukawapatia hasara ya mali, na mara nyingine hasara ya viungo. Miongoni mwa hayo ni swali ambalo wapenzi wa mchezo wa skii huulizana kila majira ya baridi yanapokaribia Ulaya, nalo ni hili: je, mlima fulani ni mzuri? Jawabu hutoka kwa kila aliyewahi kufika huko, naye hulitoa kwa yakini kubwa, akisifu au akikashifu, bila kumjulisha muulizaji yeye msemaji ana ustadi wa kadiri gani. Waswahili wenzetu ambao riziki imewaweka Geneva au Lyon, na ambao watoto wao hufunzwa kuteleza pamoja na wenzao wa shule, hulisikia swali hili nyumbani mwao wenyewe. Kwa sababu hiyo linastahili kupimwa kwa insafu, na mizani nzuri ya kulipimia ni mahali pamoja mashuhuri, pasifiwapo mno na kulaumiwa mno.

Mahali hapo ni Chamonix, mji wa Ufaransa ulio katika bonde la mto Arve, mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mont Blanc ambao kilele chake kinapindukia mita 4,800. Jacques Balmat na Michel-Gabriel Paccard walikikanyaga kilele hicho kwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1786. Mwaka 1821 viongozi wa wapanda mlima waliunda chama chao mjini humo. Na mwaka 1924 ilichezwa hapo michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyo ya kwanza duniani. Walakini katika michezo ile hapakuwa na shindano la kuteremka mlimani, kwani mashindano ya skii yalikuwa ya kwenda masafa na ya kuruka tu, na mteremko haukuingia katika Olimpiki mpaka mwaka 1936. Mji huu, basi, ulikuwa wa wapanda milima kabla ya kuwa wa watelezi, na katika asili hiyo ndimo zilimo sababu za sifa zake na za lawama zake.

Yampasa msomaji ajue pia kuwa njia za kutelezea nchini Ufaransa hupewa rangi nne: kijani kwa anayeanza, buluu kwa aliyekwisha kuanza, nyekundu kwa mwenye nguvu, na nyeusi kwa hodari. Hoja iliyo mbele yetu ni kwamba bonde la Chamonix lamfaa mtelezi wa daraja lolote. Sauti zitakazosikika nimezitunga mwenyewe, ili kila daraja lipate wakili wake.

BINGWA: Ndugu zangu, naiunga mkono hoja, tena kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa sijaona bonde jingine linalomheshimu mtelezi kama hili. Kwingineko miteremko husawazishwa kwa mashine usiku kucha, hata asubuhi mtu akaikuta laini na tambarare, isiyomdai kitu. Hapa mlima umeachwa na ukali wake. Nendeni Grands Montets, mlima ulioelekea kaskazini, ambako jua la majira ya baridi hupita kwa mbali na theluji ikabaki kavu na nyepesi siku nyingi baada ya kuanguka. Nendeni Brévent, mita 2,525, mkateremke njia nyeusi iliyopewa jina la Charles Bozon, mwana wa Chamonix aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupinda mwaka 1962, katika mashindano yaliyofanyika mjini mwake mwenyewe. Kisha pandeni kebo ya Aiguille du Midi, iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo humtoa mtu mjini na kumfikisha karibu mita 3,800 kwa muda wa dakika kama 20, ili ateremke Vallée Blanche, kilomita kama 20 juu ya mito ya barafu, akizungukwa na vilele ambavyo wengine huviona katika picha tu. Mwenye kutafuta zaidi ya hayo sijui anatafuta nini.

MWANAGENZI: Bwana mkubwa, umetaja mahali pane, nami sina njia ya kukanyaga hata pamoja. Hoja ilisema daraja lolote, wewe ukasema daraja lako. Niruhusuni nieleze siku ya mtu anayeanza. Hupelekwa Les Planards au Le Savoy, viwanja vidogo vilivyo pale pale mjini, navyo ni vizuri kwa kadiri yake: mkanda unaotembea taratibu humpandisha, mwalimu humfundisha kuzikaribianisha ncha za skii mbele na kuzitanua nyuma, hata zikawa umbo la kabari, akandamize kingo za ndani za skii mpaka asimame. Baada ya siku chache huiweza kabari, hujua kupinda kulia na kushoto, na moyo wake hutamani kilima kikubwa zaidi. Hapo ndipo dhiki inapoanza, maana juu ya kijani cha mjini hapana ngazi ya pili iliyo karibu. Akipanda Brévent, au Flégère iliyo jirani yake, atakuta njia chache za kumfaa huko juu, na njia zirudizo bondeni ni za watu hodari, tena aghalabu hufungwa kwa uhaba wa theluji huko chini. Itambidi arejee kwa kebo ile ile iliyompandisha. Na ikiwa kabla ya kufika aliuziwa tiketi ya bonde zima, kwa kuwa kila mtu alimsifia bonde zima, atakuwa amelipia milima mitano ili atumie kiwanja kimoja.

BINGWA: Lakini, ndugu yangu, hakuna aliyezaliwa juu ya mteremko mweusi. Sisi sote tulianza kwenye kiwanja kidogo.

MWANAGENZI: Hilo nalikubali, na kuanza chini sikuoni kuwa aibu. Ninalolilalamikia ni kwamba nyinyi mliokwisha kupita mkitoa habari za mlima huzitoa kama kwamba kile kiwanja hakipo, nasi tunaokuja nyuma yenu hupanga safari kwa habari hizo. Tena liko jambo la pili. Tunapokutana katika njia moja, hasa zile nyembamba za kurejea jioni, nyinyi hutupita kwa kasi ubavuni mwetu hata tukaanguka kwa kitisho tu, ilhali kanuni za shirikisho la kimataifa la skii ni bayana: ajaye kutoka nyuma ndiye mwenye dhima ya kuchagua mapito yasiyomhatarisha aliye mbele yake. Haki ya njia ni ya yule aliye chini, hata akiwa ndiye mdhaifu.

BINGWA: Katika hilo huna wa kukupinga, na anayelivunja hastahili kuitwa hodari.

MZAZI: Wanangu, nyote wawili mmesema kweli, ila mmelitazama bonde kutoka katikati ya mji tu. Mimi natazama kwa macho ya mtu mwenye watoto, naye hujifunza mapema kuwa bonde hili lina miisho miwili. Mwisho wa juu upo Le Tour, kijiji chenye kiwanja cha La Vormaine, na juu yake miteremko mipana ya Balme iliyo wazi kama malisho, karibu na mpaka wa Uswisi. Huko ndiko kwenye ngazi ya pili aliyoitafuta ndugu Mwanagenzi. Mwisho wa chini upo Les Houches, ambako njia hupita katikati ya misonobari. Walimu wa skii wa Kifaransa wana desturi njema ya kuwapa watoto vyeo kwa utaratibu: mtoto huanza na Piou-Piou, akapanda Ourson, kisha Flocon, kisha nyota ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila cheo kina mambo yake ya kutahiniwa. Mtoto wa Flocon anajijua kuwa ni wa Flocon, wala haoni haya kulitaja. Laiti sisi watu wazima tungekuwa na adabu hiyo.

Taabu ya mzazi ni nyingine. Milima hii haikuunganishwa yote kwa kebo, isipokuwa Brévent na Flégère; kutoka kwa huu kwenda kwa huo ni kupanda basi au gari moshi jekundu la bondeni, na mtoto mmoja akiwa Ourson na mwingine nyota ya tatu, asubuhi yote yaweza kwisha vituoni, mama amebeba skii za watu watatu begani na viatu vizito vya plastiki miguuni. Atakayekuja na watoto na achague kijiji kwanza, kisha nyumba. Wengi huchagua nyumba nzuri mjini, wakatambua baadaye kuwa wamekaa mbali na mlima wao.

WA KATI: Nami naomba nafasi, kwa maana daraja langu ndilo lenye watu wengi, na ndilo linalosahauliwa. Mimi si wa kabari tena, wala si wa Charles Bozon. Njia ya buluu naiteremka kwa raha, nyekundu naiteremka kwa kujikaza. Walakini nimegundua kuwa rangi si kipimo kimoja duniani: Uswisi na Austria kwa kawaida hawana kijani, Marekani hawana nyekundu, na hata ndani ya bonde hili hili buluu ya Balme haifanani na buluu ya Flégère, na nyekundu ya Grands Montets ingeweza kuitwa nyeusi katika mlima mwingine ulio mpole. Wenye mlima hupanga rangi kwa kulinganisha njia zao wenyewe, na mgeni huzisoma kwa kulinganisha na alikotoka.

Isitoshe, rangi hupigwa mara moja, na theluji hubadilika kila saa. Brévent na Flégère zimeelekea kusini. Mwezi wa Machi, jua la jana likishayeyusha theluji na usiku ukaigandisha, mteremko wa saa tatu asubuhi huwa mgumu kama jiwe, na ukingo wa chuma wa skii hukwaruza bila kushika. Ikifika saa tano uso umelainika kidogo, mtu hupinda bila jasho na kujiona bingwa. Na alasiri theluji imekuwa rojo zito linalokamata magoti. Njia ni ile ile, rangi ni ile ile, mtelezi ni yule yule, naye kwa siku moja amekuwa mwanagenzi, na hodari, na mwanagenzi tena. Mtu wa daraja langu anayependa kusafiri kutwa kutoka kilima hadi kilima bila kuvua skii atapata raha zaidi Courchevel na majirani zake wa Trois Vallées, ambako kilomita kama 600 za njia zimeunganishwa, kwa kuwa mahali pale palipangwa kwa ajili ya skii tangu baada ya vita vya pili vya dunia. Chamonix humpa mlima mmoja kwa siku, naye hana budi kuuchagua vizuri.

KIONGOZI: Nimewasikiliza nyote, na kazi yangu ya kuwaongoza watu mlimani imenifundisha kuwa madaraja si ngazi moja, ni ngazi mbili. Iko ngazi ya miguu, nayo ndiyo mnayoizungumzia tangu tuanze. Na iko ngazi ya kuujua mlima, ambayo haina rangi yoyote. Bwana Bingwa ametaja Vallée Blanche pamoja na njia nyeusi, kana kwamba ni ya jamii moja nazo. Sivyo. Vallée Blanche haina vibao, haina mashine ya kuisawazisha, wala wakaguzi wa kupita jioni kutazama nani amebaki nyuma. Ni mto wa barafu unaotembea, wenye nyufa ambazo theluji mpya huzifunika kwa daraja jembamba. Ajabu yake ni kuwa mteremko wake wa kawaida si mkali. Mtu kama ndugu Wa Kati, akiwa na miguu yenye nguvu na kiongozi mbele yake, huweza kuumaliza. Hatari yake iko chini ya miguu, mahali ambapo ustadi wa kupinda hauoni.

Tazameni namna safari inavyoanza. Mtu hutoka katika handaki la barafu huko Aiguille du Midi, amefunga skii mgongoni na meno ya chuma chini ya viatu, mkono mmoja umeshika kamba iliyofungwa kandokando ya ukingo mwembamba wa theluji, na kiongozi yuko nyuma yake akimshikilia kwa kamba nyingine. Ndani ya nguo amevaa chombo cha redio cha kumtafutia akifukiwa, na katika mkoba mna sepetu na ufito mrefu wa kuchomea theluji; kiunoni amefunga mikanda ili aweze kuvutwa akitumbukia katika ufa. Nimeona mabingwa wa njia nyeusi wakitetemeka katika ukingo huo, na nimeona mabibi wa makamo wenye skii za kawaida kabisa wakiupita kwa utulivu, kwa sababu wamezoea kutii mlima.

BINGWA: Lakini aliye na ngazi zote mbili, miguu na maarifa, huyo hana la kuogopa.

KIONGOZI: Bwana, ulimtaja Charles Bozon, nami nimtaje tena kwa heshima. Miguu alikuwa nayo, kwani dunia nzima ilishindwa naye mwaka 1962. Na mlima aliujua tangu utoto. Mwaka 1964 maporomoko ya theluji yalimwua juu ya Aiguille Verte pamoja na wapanda milima wenzake, watu wa fani hiyo hiyo. Sisemi hivi kumtisha mtu. Nasema ili hodari ajue kuwa daraja lake humpa hadhari zaidi, wala halimpi dhamana.

Hata kwa wapole nina neno. Bibi Mzazi ameisifu Balme, nami naisifu, ila iko juu ya mstari wa miti. Ukungu ukishuka, mbingu na ardhi huwa rangi moja, mtu asijue kama anakwenda au amesimama, na mwanagenzi hupatwa na kizunguzungu penye mteremko wa kijani. Siku kama hiyo wapelekeni watoto Les Houches, kwa sababu misonobari huyapa macho kitu cha kushika. Na siku ya joto fanyeni kinyume, maana Les Houches iko chini na theluji yake huwahi kwisha.

La mwisho ni kwamba ushuhuda una tarehe. Anayesifu kilele cha Grands Montets kwa safari ya zamani ajue kuwa mwezi wa Septemba 2018 moto uliunguza kituo cha kati cha Lognan, na safari za kebo ya kwenda kileleni zikakatika. Anayesimulia mwisho wa Vallée Blanche ajue kuwa barafu ya Mer de Glace, inakoishia njia hiyo, imepungua hata ngazi za chuma za kupandia kituo cha gari moshi cha Montenvers zikawa zinaongezwa mwaka baada ya mwaka, zikafika mamia, na mwaka 2024 ikafunguliwa kebo mpya mahali pa juu zaidi bondeni. Maneno yaliyokuwa kweli kwa baba yaweza kumpoteza mwana.

HUKUMU YA MWANDISHI

Baada ya kuzisikiliza sauti hizi, naona kuwa hoja kama ilivyotamkwa haikusimama. Bonde la Chamonix halimfai mtelezi wa daraja lolote kwa namna moja. Humfaa kila mmoja mahali pake, na adhabu ya kukosea mahali ni kali hapa kuliko katika milima iliyopangwa tangu mwanzo kwa ajili ya mchezo. Anayeanza ana viwanja vyema, na hana sababu ya kulipia zaidi ya tiketi ya viwanja hivyo. Lakini kama hakufungwa na ndugu au kazi katika bonde hili, atapata ngazi zilizo karibukaribu kwingineko. Mwenye watoto na akae Le Tour au Les Houches, wala asifuate fahari ya mji. Wa daraja la kati ataneemeka akikubali mlima mmoja kwa siku na akijua saa ya kila mteremko. Na hodari, ambaye bonde hili ni lake kweli, na aanze na kiongozi, na aipande ile ngazi ya pili kwa unyenyekevu ule ule alioipandia ya kwanza.

Zaidi ya hukumu hiyo, lipo jambo ambalo mjadala huu umenithibitishia, nalo lahusu dhima ya kila atoaye maoni. Nahodha wa jahazi, mpiga mbizi na mtoto achezaye ufukweni hushuhudia bahari moja kwa maneno matatu, na wote watatu husema kweli. Msikilizaji hupotea pale tu anapoyachukua maneno ya nahodha akampa mtoto. Hali ni hiyo kwa mlima. Sifa ni ushuhuda, na ushuhuda haukamiliki mpaka shahidi aseme yeye ni nani, alikuwepo lini, na theluji siku hiyo ilikuwa ya namna gani. Neno "ni rahisi" likitoka kinywani mwa mtu asiyetaja daraja lake humpandisha mgeni mahali ambapo hawezi kushuka. Neno "ni hatari" likitoka vivyo hivyo humnyima mwingine furaha ambayo miguu yake ingeiweza.

Kwa hiyo nawasihi wale wenzetu walio Ulaya, na watoto wao ambao bila shaka watatushinda sote katika mchezo huu, kwamba mtu akiwauliza habari za mlima, waanze kwa kutaja daraja lao kama mtoto wa Flocon alitajavyo lake, bila kiburi na bila haya, kisha ndipo waseme waliyoyaona. Na anayeuliza, asipotajiwa, ana haki ya kudai atajiwe kabla hajanunua tiketi.